Sumaku nyembamba kuliko karatasi, na hilo neno "joto la chumba": chumba cha nani?

Kama umekulia Dodoma huu mchezo unaujua. Unaokota sumaku ya spika mbovu, unaifunga kamba, unaiburuta kwenye mchanga njia nzima ya kutoka shule, ukiinyanyua imeota ndevu. Zile ndevu nyeusi ni chembe za madini ya chuma, kwenye mchanga wetu zimejaa kibao, sisi tulikuwa tunazikusanya kwenye kopo la kiwi halafu tunazimwaga juu ya karatasi, sumaku inapita chini, zinacheza. Zishike kichwani hizo ndevu maana zitarudi baadaye kwenye hii stori, na zitakuja kuwaaibisha watu wenye maabara za mabilioni.

Sasa. Kila baada ya muda inapita habari kwamba wanasayansi wametengeneza sumaku yenye unene wa atomu chache tu na inafanya kazi kwenye joto la chumba, watu wanashea, halafu lazima atokee mmoja aulize: kwani kuna ajabu gani, mbona sumaku ya mlango wa friji yangu ipo chumbani miaka kumi na haijawahi kulalamika? Swali zuri sana hilo, sio la kijinga hata kidogo, na ukilifuata mpaka mwisho unajikuta umeelewa jambo lote.

Tuanze na hilo joto. Sumaku zinakufa kwa joto, fundi yeyote wa spika pale Majengo atakwambia. Kila sumaku ina joto lake la mwisho, ukilivuka inaacha kuwa sumaku na kubaki jiwe tu. Hiyo pointi inaitwa joto la Curie, kutokana na Pierre Curie, ambaye alilifanyia kazi hili swala kwenye tasnifu yake ya mwaka 1895. Chuma joto lake la Curie ni nyuzi 770 za selsiasi, nikeli 355 hivi, kobalti inapita 1,100, na zile sumaku nyeusi za spika zinakaa kwenye 450 hivi. Ndo maana hujawahi kuiona ya friji yako ikifa, joto la nyumbani kwako halifiki huko.

Ila kuna chuma kimoja (yaani metali, sio chuma hiki cha nondo) nakipenda mno, kinaitwa gadoliniamu. Joto lake la Curie ni nyuzi 20 tu. Nyuzi ishirini! Yaani ukiwa nacho hapa Dodoma, Julai usiku ule upepo unapiga na umevaa jaketi na koti juu, kipimajoto kinasoma 14 au 15, kile ni sumaku kama chuma cha kawaida kabisa. Uje nacho mwezi wa kumi na moja saa nane mchana, kwenye chumba cha bati kisicho na dari, pale inapita 30, kimeshalegea, sumaku haipo. Chuma kilekile, chumba kilekile. Ndo maana mtu akiniambia "joto la chumba" mimi huwa nauliza kwanza chumba cha nani, kwa sababu kuna wanaomaanisha nyuzi 20 na wengine kwenye karatasi zao wanaandika kelvini 300, ambayo ni nyuzi 27, na hiyo 27 ni Dodoma kabisa hiyo, hatuna cha kuongeza.

(Kelvini ni selsiasi tu ila inaanzia kwenye baridi la mwisho kabisa, toa 273 unapata selsiasi. Nitaitumia sana huko chini.)

Haya, kwanini joto linaua sumaku? Ndani ya chuma kila elektroni ni kisumaku kidogo, ina kitu kinaitwa spini. Usifikirie inazunguka kama pia, haizunguki, jina lilikaa vibaya likazoeleka. Spini zikielekea upande mmoja zote kwa pamoja unapata sumaku, zikielekea hovyo hovyo zinafutana unapata sifuri. Joto ni fujo, linazitikisa. Kinachozishika zisitawanyike ndo kitu ambacho wengi tunakikosea, mimi mwenyewe nilikuwa naamini kwamba visumaku vidogo vinavutana vyenyewe kwa vyenyewe, kumbe ule mvuto ni mdogo kiasi kwamba ukiutegemea peke yake sumaku ingekufa kwenye kelvini moja hivi. Kinachoshika ni umeme. Elektroni zina chaji ya aina moja kwahiyo zinasukumana, na juu ya hapo kuna sheria ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama elektroni, kwamba mbili zenye spini sawa haziwezi kukaa mahali pamoja, sasa zikielekeza spini upande mmoja zinalazimika kukaa mbalimbali, na zikikaa mbalimbali msukumano wa umeme unapungua, gharama inashuka. Kwenye baadhi ya vitu kama chuma hiyo nafuu ndo inayoshinda. Werner Heisenberg ndo aliyeliweka hili sawa mwaka 1928. Ukiona kitu kinang'ang'ania kuwa sumaku kwenye moto wa nyuzi 700 ujue ni umeme unaofanya kazi hapo.

Na huo mshikano ni wa jirani kwa jirani tu, haufiki mbali. Hapo ndipo wembamba unapoleta shida.

Chukua shamba la alizeti kule Singida. Alizeti halisi zinajua jua liko wapi, ila hizi zangu hazina jua, kila ua linaangalia tu jirani zake wameelekea wapi na lenyewe lielekee hukohuko. Upepo ndo joto. Upepo ukivuma, ua moja linapinda digrii moja, nani atajali digrii moja? Jirani yake anapinda moja zaidi, anayefuata moja zaidi, hakuna aliyemkosea jirani yake hata mmoja, kila mtu anaapa kafuata utaratibu, lakini ukitembea mpaka mwisho wa shamba unakuta hawa wanaangalia Babati wakati wale ulioanza nao wanaangalia Manyoni. Jumla yake sifuri. Mpindo wa taratibu hivyo hauna gharama yoyote ya maana, na shamba bapa lina njia nyingi mno za kujipinda taratibu, kwahiyo hata upepo mdogo namna gani utalivuruga. Ndani ya kitu kinene ni tofauti, ili upinde taratibu namna hiyo inabidi uwabebe na walio juu na walio chini, mamilioni kwa mamilioni, upepo hauwezi.

Hiyo ndo nadharia ya David Mermin na Herbert Wagner ya mwaka 1966, na walikuja nayo kihesabu sio kializeti: kitu bapa ambacho spini zake ziko huru kuelekea upande wowote hakiwezi kuwa sumaku kwenye joto lolote lililo juu ya sifuri ya kelvini. Lolote. Sio joto la chumba tu, hata la kwenye ndoo ya heli ya kimiminika. Watu wengi waliisoma kama hukumu kwamba sumaku bapa haipo na haitakuwepo, na kwa miaka mingi swala likawa la kwenye makaratasi.

Ila rudia kusoma ile sentensi. "Ziko huru kuelekea upande wowote." Kwenye kila nadharia ya aina hii lazima usome masharti yake kama unavyosoma mkataba wa pango, kwa sababu mlango uko hapohapo. Je kama hazipo huru? Kama kila mche umefungwa kwenye fito na unaweza kuangalia juu au chini tu, hakuna katikati? Hapo ule ujanja wa digrii moja moja unakufa, maana ili ugeuke inabidi uruke mzimamzima kutoka juu kwenda chini mbele ya majirani wote, na hiyo ni gharama ya kweli, upepo mdogo haukuwezi. Na hili lilikuwa linajulikana zamani: Ernst Ising mwaka 1925 alikokotoa mstari mmoja wa spini za juu-au-chini akakuta hauwi sumaku, akahitimisha kwamba hata ukiongeza upana na kimo haitasaidia, hapo akakosea, halafu Lars Onsager mwaka 1944 akaja kulipigia hesabu shamba bapa lenyewe mpaka mwisho na kuonyesha kwamba lina joto lake la Curie safi kabisa. Kwahiyo mlango ulikuwa wazi hata kabla Mermin na Wagner hawajafunga ule mwingine. Kilichokosekana ni kitu chenyewe cha kuushika mkononi.

Hicho kitu kilianzia kwenye selotepu, sikutanii. Kinywe, haya madini yetu ya Mahenge, ambayo ndo yamo ndani ya penseli, ni matabaka yaliyolaliana kama chapati kwenye hotipoti, tabaka lenyewe gumu ajabu ila tabaka kwa tabaka linashikana kidogo tu. Madini ya ulanga nayo hivyohivyo, yale yanayobanduka kama karatasi za kioo. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov pale Manchester walikuwa wanabandika selotepu kwenye kinywe wanabandua, wanabandika wanabandua, mpaka wakabaki na tabaka moja la atomu, grafini, na 2010 wakapewa Nobel. Grafini sio sumaku. Lakini kila mtu akapata akili ileile: tafuta jiwe lolote la matabaka ambalo tayari ni sumaku, libandue, uone kama usumaku unabaki.

Ikachukua mpaka 2017. Kundi la Xiaodong Xu wa chuo kikuu cha Washington pamoja na Pablo Jarillo-Herrero wa MIT walibandua iodidi ya kromiamu mpaka tabaka moja, unene wa nanomita 0.7 hivi, yaani ungeyapanga zaidi ya laki moja ndo upate unene wa karatasi ya daftari, na lile tabaka moja likabaki sumaku. Iodini ni atomu nzito, na atomu nzito ndo zinazotengeneza zile fito, zinalazimisha spini zisimame juu au chini. Mwaka huohuo kundi la Xiang Zhang wa Berkeley wakaja na jiwe jingine, la kromiamu, gerimaniamu na teluriamu, ambalo spini zake zina uhuru zaidi, fito zake dhaifu, na tazama kilichotokea: likiwa nene linafika kelvini 65 hivi, likiwa tabaka mbili linashuka mpaka 30 hivi, na tabaka moja hawakuona kitu. Nadharia ya 1966 mbele ya macho yako kabisa, fito zikilegea shamba linavurugika. Mimi hilo jiwe la pili ndo lililonifurahisha zaidi kuliko la kwanza, japo la kwanza ndo lilipata sifa zote.

Unaweza kuuliza unajuaje kitu chembamba hivyo ni sumaku, maana hakiwezi kuvuta hata ndevu moja ya mchanga. Wanatumia mwanga. Unapiga mwanga ambao mawimbi yake yanatikisika upande mmoja tu, ukigonga kitu chenye usumaku unarudi ule upande wake wa kutikisika umejipinda kidogo sana, John Kerr aliligundua hilo mwaka 1877, na ukipindua sumaku na mpindo unageuka upande wa pili. Unafuatilia huo mpindo huku unapandisha joto taratibu, siku ukipotea ndo joto la Curie.

Na ile iodidi ya kromiamu ilipotea kwenye kelvini 45. Toa 273. Ni nyuzi 228 chini ya sifuri. Halafu juu ya hapo ukiiacha kwenye hewa ya kawaida inaharibika ndani ya dakika chache, inabidi uifanyie kazi ndani ya boksi la glavu lisilo na oksijeni. Kwahiyo mtu wa friji kapata nusu ya jibu lake: sumaku bapa imepatikana, ila inaishi mahali ambapo hata nitrojeni ya hewa imeganda kuwa barafu.

Basi mbio zikaanza za kupandisha namba. Njia iliyo wazi ni kutumia chuma chenyewe, kwa sababu mshikano wake ni mkali, wakachukua jiwe la chuma, gerimaniamu na teluriamu, likiwa nene linafika kelvini 220 hivi, lakini ukilibandua mpaka tabaka moja linashuka kwenye 130. Unaona mchezo ulivyo, kila ukipunguza tabaka unapunguza majirani, kila ukipunguza majirani namba inashuka, kwahiyo jiwe lenye namba nzuri likiwa nene halikuahidi chochote. Mwaka 2018 kundi la Yuanbo Zhang wa chuo kikuu cha Fudan wakafanya kitu cha akili, wakachukua kipande chembamba cha jiwe hilihili wakakichaji kwa umeme kama betri, ioni za lithiamu, yaani atomu zenye chaji, zinasukuma elektroni za ziada ndani, na joto la Curie likapanda mpaka kwenye joto la chumba. Hapa tusipite haraka. Sumaku yako ya friji huwezi kuipandishia wala kuishushia usumaku kwa swichi, ni nene mno, umeme unaishia juu juu hauingii ndani. Kitu bapa hakina ndani. Chote ni uso, unakigusa kwa volti na chote kinasikia. Ukinilazimisha nitaje sababu moja tu ya kuhangaika na sumaku bapa nitataja hiyo, maana memori inayogeuzwa kwa volti inakula umeme kidogo kuliko ya kugeuzwa kwa kupitisha mkondo mkubwa.

Sasa zile ndevu.

2018 hiyohiyo ilitoka taarifa nyingine kwamba tabaka moja la vanadiamu na seleniamu ni sumaku kali kwenye joto la chumba, bila kuchajiwa wala nini. Habari kubwa. Makundi mengine yakaotesha lilelile tabaka, wakalipima kwa miale ya eksirei ambayo inaweza kuuliza aina moja moja ya atomu "wewe vanadiamu, una usumaku?", na vanadiamu ikajibu hapana. Wakaona elektroni zake zimejipanga kwa mpangilio mwingine kabisa ambao unaugombania usumaku nafasi. Mpaka leo hilo tabaka linabishaniwa, na sisemi kuna aliyedanganya, kipimo cha kwanza kiliona usumaku kweli, swali ni usumaku wa nani.

Kwa sababu tabaka moja la atomu linatoa ishara ndogo mno, na kwenye ukubwa huo kila kitu kichafu duniani kinaweza kuiga. Kuna kisa cha 2005 huwa nakirudia kila mahali: kabla yake watu walitangaza kwamba oksidi ya hafniamu, kitu ambacho hakina sababu yoyote ya kuwa sumaku, ikiwa filamu nyembamba inakuwa sumaku kwenye joto la chumba. Watafiti wengine wakatengeneza filamu zao, wakapima, hakuna kitu. Kisha wakazishika kwa kibano cha chuma cha pua, wakapima tena, ishara ikatokea. Kibano bwana! Kibano kilikuwa kinaacha chembe za chuma pembeni ya sampuli, zilezile ndevu zetu, na mashine inazisoma kama ugunduzi. Mtoto wa Chang'ombe mwenye sumaku ya spika angewaambia kwamba chuma kiko kila mahali, ukiburuta kidogo tu unakipata.

Kwahiyo ukisoma "joto la chumba" angalia kwanza walipima tabaka ngapi, maana wengi wanaandika bapa wakati kipande chao kina matabaka kumi na kitu, hiyo sio dhambi ila sio tabaka moja. Kisha angalia kama walipima kwa njia zaidi ya moja, mwanga na umeme na eksirei, kwa sababu uchafu unaweza kudanganya mashine moja ila kudanganya tatu kwa namna moja ni kazi. Na kama kundi la nchi nyingine limerudia likaona kitu kilekile, hapo ndo mimi nakaa sawa kwenye kiti.

Jiwe ambalo mpaka sasa limenikalisha sawa ni la 2022, kutoka China: chuma, galiamu na teluriamu. Ni yule ndugu wa jiwe la awali, wametoa gerimaniamu wakaweka galiamu, na hilo badiliko dogo limelipeleka joto la Curie kwenye kelvini 350 mpaka 380, yaani nyuzi 77 mpaka 107, bila kuchajiwa. Spini zake zinasimama wima, fito imara, na makundi mengi yamelitengeneza upya na kupata usumaku uleule juu ya joto la chumba. Hiyo ni ya jiwe nene na vipande vyembamba vya matabaka kadhaa, ukizidi kubandua inashuka kama ndugu yake, lakini ukianza kushuka kutoka 107 una nafasi kubwa kuliko ukianza kutoka baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri.

Kilichobaki sio kidogo. Selotepu inatoa vipande vidogo ambavyo unavitafuta kwa hadubini, kiwanda cha chipu kinataka sahani nzima iliyooteshwa sawasawa kutoka pembe hii mpaka ile. Hewa bado ni adui. Na chipu ya simu ikiwa kazini inachemka, unajua mwenyewe simu inavyokuwa ukiicharge huku unatumia hotspoti kwenye jua la mwezi wa kumi na moja, sasa joto la Curie la nyuzi 27 halikusaidii kitu pale, unataka lipite 100 kwa mbali ili hata ikichemka spini zisitikisike.

Nilimwelezea haya yote fundi wangu wa spika siku moja tukisubiri umeme urudi, akasikiliza mpaka mwisho, kwenye mkono kashika sumaku ya wufa imejaa ndevu anaifuta na tambara. Akauliza tu, hilo tabaka moja likidondoka hapa chini tutalionaje? Nikamwambia hatutaliona. Akacheka, akasema basi watengeneze wao walete likiwa limeshafungwa kwenye kitu, hapa kwetu mchanga ni mwingi.